Prioni Zinapovuka Kutoka Mnyama Mmoja Hadi Mwingine: Somo la Kichaa cha Ng'ombe

Mnamo Februari 1989, kamati ya wataalamu iliyoongozwa na Profesa Richard Southwood wa Chuo Kikuu cha Oxford ilitoa taarifa yake kwa serikali ya Uingereza. Kamati hiyo ilikuwa imepewa swali moja zito: je, ugonjwa mpya ulioanza kuua ng'ombe nchini humo, uliokwisha kupewa jina la kichaa cha ng'ombe, ungeweza kumdhuru binadamu? Jibu lake lilikuwa kwamba jambo hilo halikuelekea kutokea. Hoja iliyobeba jibu hilo ilikuwa rahisi kufahamika. Kondoo wa Uingereza walikuwa wakiugua ugonjwa unaofanana na huo kwa zaidi ya miaka 200, na watu walikuwa wakila nyama yao bila dhara lililoonekana. Ikiwa ng'ombe walikuwa wameupata ugonjwa kutoka kwa kondoo, basi nyama ya ng'ombe nayo isingekuwa na hatari zaidi ya ile ya kondoo.

Miaka 7 baadaye, tarehe 20 Machi 1996, waziri wa afya wa Uingereza aliliarifu Bunge kwamba wagonjwa 10, wengi wao vijana, walikuwa wamepata ugonjwa wa ubongo wa aina isiyowahi kuonekana, na kwamba maelezo yaliyokaribia ukweli zaidi ni kwamba waliupata kutokana na ng'ombe. Hoja ya kondoo ilikuwa imeanguka. Makala haya yanaeleza kwa nini ilianguka, kwa sababu ndani ya kosa hilo mna somo kuu kuhusu namna magonjwa ya prioni yanavyovuka kutoka jamii moja ya mifugo hadi nyingine.

Prioni ni nini?

Vimelea vingi vinavyofahamika, kama vile bakteria, virusi na fangasi, hubeba taarifa za urithi zinazoviwezesha kuzaana. Prioni hazina taarifa hizo. Prioni ni protini tu, tena ni protini ambayo mnyama mwenyewe huitengeneza. Kila mamalia ana protini ya kawaida ya prioni juu ya seli zake, hasa seli za neva. Protini hiyo imekunjwa kwa umbo maalumu, nayo hufanya kazi yake na kuvunjwavunjwa na mwili bila tatizo.

Ugonjwa huanza pale protini hiyo inapokunjika vibaya. Iliyokunjika vibaya huigusa iliyo nzima na kuilazimisha kuchukua umbo lake. Nayo ikishageuka huigeuza nyingine. Wahenga walisema kuwa samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ni vigumu kupata mfano unaolifafanua jambo hili vizuri zaidi. Protini zilizogeuka hurundikana, haziyeyuki, wala vimeng'enya vya mwili haviwezi kuzimaliza. Seli za neva hufa, na ubongo hubaki na vitundu vidogo vidogo mithili ya sponji. Kwa kuwa protini hiyo ni ya mwili wenyewe, kinga ya mwili haiitambui kuwa adui: hakuna homa, wala kingamwili za kupimwa katika damu. Mnyama huonekana mzima kwa miaka, kisha dalili hujitokeza, na zikijitokeza hakuna tiba.

Wazo kwamba protini peke yake yaweza kuambukiza lilipingwa vikali. Stanley Prusiner, daktari wa Marekani aliyebuni jina la prioni mwaka 1982, alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1997. Ushahidi mmoja wenye nguvu ulipatikana mwaka 1993, pale panya wa maabara walioondolewa jeni ya protini ya prioni walipodungwa prioni na wasiugue. Pasipo protini ya kugeuzwa, hapana ugonjwa.

Skrepi: kutoka kondoo hadi mbuzi

Ugonjwa wa prioni wa mifugo uliotangulia kujulikana ni skrepi, yaani ugonjwa wa kujikuna wa kondoo. Kondoo aliyeathirika hujisugua kwenye uzio na miti hadi sufu ikanyonyoka, hutetemeka, huyumba na hatimaye hufa. Ulikuwa ukifahamika Ulaya tangu karne ya 18, lakini wafugaji hawakukubaliana iwapo ni wa kurithi au wa kuambukiza.

Mwaka 1936 madaktari wawili wa mifugo wa Toulouse, Ufaransa, Jean Cuillé na Paul-Louis Chelle, waliwadunga kondoo wazima tishu za neva kutoka kwa kondoo mgonjwa. Walisubiri kwa zaidi ya mwaka, muda ambao watafiti wengi wangekuwa wamekata tamaa, na kondoo hao wakaugua. Miaka michache baadaye waliambukiza mbuzi kwa njia hiyohiyo. Huo ulikuwa uthibitisho wa kwanza wa maabara kwamba ugonjwa huu huvuka kutoka jamii moja ya mifugo hadi nyingine.

Wakati huohuo, nchini Uingereza, uthibitisho wa pili ulitokea kwa bahati mbaya. Chanjo dhidi ya ugonjwa wa virusi wa kondoo unaoenezwa na kupe ilitengenezwa kutokana na ubongo, uti wa mgongo na wengu wa kondoo, kisha ikatiwa formalini ili kuua virusi. Toleo moja la mwaka 1935, lenye takriban dozi 18,000, lilitoka kwa kondoo ambao baadhi yao walikuwa na skrepi isiyoonekana bado. Kadiri ya miaka 2 baadaye, kondoo waliochanjwa walianza kujikuna. Formalini, ambayo huua karibu kila kimelea, haikuwa imeidhuru prioni. Tukio hilo lilipaswa kubaki kama onyo: tishu za neva za mnyama anayeonekana mzima, zikigawanywa kwa wanyama wengi, zaweza kueneza ugonjwa mahali ambapo usingefika wenyewe.

Kizuizi cha spishi

Hata hivyo, si kila mnyama anayekutana na prioni za mwingine huugua. Nguvu inayozuia huitwa kizuizi cha spishi. Watu wengi huifikiria kama ukuta, lakini imefanana zaidi na kufuli na ufunguo. Ili prioni ya kondoo iigeuze protini ya ng'ombe, maumbo ya protini hizo mbili yanapaswa kuoana. Protini ya kondoo na ile ya ng'ombe hutofautiana katika asidi amino chache tu, ilhali ya ng'ombe na ya binadamu hutofautiana katika sehemu nyingi zaidi.

Jaribio moja lilidhihirisha jambo hili. Kwa kawaida panya hawaambukizwi kwa urahisi na prioni zilizozoea kuishi katika hamsta. Mwaka 1989 watafiti waliwapandikiza panya jeni ya protini ya prioni ya hamsta, na panya hao wakaugua upesi. Mwili ulikuwa uleule wa panya. Kilichobadilika ni protini moja. Kizuizi kilikuwa ndani ya protini hiyo.

Yapo mambo mengine matatu yanayoamua iwapo kizuizi kitashikilia. La kwanza ni kiasi: prioni nyingi huweza kushinda pale chache zinaposhindwa. La pili ni njia: prioni zilizodungwa ubongoni zina nguvu kuliko zilizomezwa. Nguruwe, kwa mfano, waliugua walipodungwa prioni za kichaa cha ng'ombe, lakini waliolishwa kwa majaribio hawakuugua. La tatu ni umbo la prioni yenyewe, kwa maana prioni za mnyama mmoja zaweza kukunjika kwa namna zaidi ya moja, na kila namna ina tabia zake. Namna hizo huitwa aina za prioni, na hapo ndipo hoja ya mwaka 1989 ilipojikwaa.

Mla majani alipolishwa nyama

Ng'ombe wa kwanza kuugua walionekana Uingereza katikati ya miaka ya 1980. Mnamo Novemba 1986 maabara kuu ya mifugo ya Weybridge ilitambua vitundu katika ubongo wao. John Wilesmith, mtaalamu wa epidemiolojia katika maabara hiyo, aliwachunguza wagonjwa wa mashamba mbalimbali. Mashamba hayo hayakuwa yameuziana ng'ombe, wala hayakutumia chanjo au dawa zilezile. Kilichoyaunganisha kilikuwa chakula cha viwandani chenye unga wa nyama na mifupa.

Unga huo ulitengenezwa kwa mabaki ya machinjio: mifupa, matumbo, vichwa na mizoga. Mabaki yalipikwa, mafuta yakatolewa, na yaliyobaki yakasagwa na kuchanganywa katika chakula cha ndama wa maziwa kwa ajili ya protini. Kwa njia hiyo, mnyama acheuaye, ambaye asili yake ni majani, aligeuzwa kuwa mla nyama, tena mla nyama ya jamii yake mwenyewe. Ng'ombe mmoja mgonjwa aliingia kiwandani, na ubongo wake ukagawanywa kwa ndama wa mashamba mengi. Majaribio ya baadaye yalionyesha kuwa ubongo ulioambukizwa usiofika gramu moja watosha kumwambukiza ndama anayeumeza. Kwa kuwa ugonjwa hukaa mwilini wastani wa miaka 5 kabla ya dalili, mzunguko huo ulikuwa umejirudia mara kadhaa kabla ya yeyote kuuona.

Mnamo Julai 1988 serikali ilipiga marufuku kuwalisha wanyama wacheuao protini itokanayo na wanyama wacheuao. Hatua hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilikuwa na upenyo. Unga uleule uliruhusiwa kwa nguruwe na kuku, na viwanda vilitumia mashine zilezile kutengeneza vyakula vya mifugo yote. Mabaki ya chakula cha kuku yaliingia katika chakula cha ng'ombe. Zaidi ya ng'ombe 40,000 waliozaliwa baada ya marufuku hiyo waliugua. Mwanzoni mwa 1993 wagonjwa wapya walifikia takriban 1,000 kwa wiki. Ni mwaka 1996 ndipo unga huo ulipokatazwa kwa mifugo yote ya shambani. Kwa jumla Uingereza ilithibitisha zaidi ya ng'ombe 180,000 wagonjwa, na iliteketeza zaidi ya milioni 4. Ng'ombe walioagizwa kutoka huko waliubeba ugonjwa hadi nchi za mbali. Oman iligundua ng'ombe wa namna hiyo mwaka 1989.

Dalili zilizotangulia

Wakati hoja ya kondoo ikiendelea kunukuliwa, ushahidi dhidi yake ulikuwa ukijitokeza katika bustani za wanyama za Uingereza. Nyala aliugua mwaka 1986, akafuatiwa na choroa, kisha pofu na tandala. Swala hawa wenye asili ya Afrika walikuwa wamelishwa chakula cha viwandani kama kile cha ng'ombe. Duma na puma nao waliugua baada ya kulishwa mizoga ya ng'ombe. Mwaka 1990 ilikuwa zamu ya paka wa nyumbani, na baadaye wagonjwa walikaribia 90.

Paka ndiye aliyepaswa kuzua hofu kubwa. Paka wameishi karibu na kondoo kwa karne nyingi bila kujulikana kuugua skrepi. Kama kitu kilichomo ndani ya ng'ombe kiliweza kumwua paka, basi hakikuwa skrepi ya kawaida tena, na faraja iliyotokana na historia ya skrepi haikuwa na msingi. Badala yake, mwezi huohuo wa Mei 1990 ulipotangazwa ugonjwa wa paka, waziri wa kilimo John Gummer alionekana mbele ya wapiga picha akimpa binti yake mdogo mkate wenye nyama ya ng'ombe ili kuwatuliza wananchi.

Mwaka 1997 watafiti wa Edinburgh walithibitisha uhusiano huo. Waliwadunga panya prioni kutoka kwa ng'ombe, paka, swala na wagonjwa wa aina mpya ya ugonjwa wa Creutzfeldt-Jakob. Muda wa kuugua na mpangilio wa vitundu ubongoni ulifanana kwa wote. Ilikuwa aina moja ya prioni iliyopita katika miili tofauti. Nchini Uingereza watu 178 wamekufa kwa ugonjwa huo, baadhi yao kwa kuongezewa damu ya wachangiaji waliokuwa hawajaonyesha dalili.

Kinachobadilika njiani

Hoja ya kondoo ilijengwa juu ya dhana kwamba prioni hubaki ileile popote iendapo. Utafiti umeonyesha kinyume chake. Prioni inapovuka kizuizi, ni maumbo yanayoweza kuoana na protini ya mwenyeji mpya tu ndiyo huendelea. Umbo lililokuwa dogo na lisiloonekana katika mnyama wa kwanza laweza kutawala katika wa pili, likiwa na uwezo mpya wa kuambukiza wa tatu.

Mifano miwili yatosha. Mwaka 2011 watafiti walilinganisha prioni za kichaa cha ng'ombe zilizotoka moja kwa moja kwa ng'ombe na zile zilizopitishwa kwanza katika kondoo na mbuzi. Katika panya waliopandikizwa jeni ya protini ya binadamu, zilizopitia kondoo na mbuzi ziliambukiza kwa urahisi zaidi. Kisha, mwaka 2019, ilionyeshwa kwamba aina isiyo ya kawaida ya skrepi ikipitishwa katika panya wenye protini ya ng'ombe yaweza kuzaa prioni zinazofanana na za kichaa cha ng'ombe. Kwa hiyo swali la kama prioni fulani ni salama halijibiki kwa kutazama mnyama ilikotoka tu. Ni lazima kuuliza imepitia wapi. Si jambo la nadharia tupu: mwaka 2005 Ufaransa ilithibitisha kichaa cha ng'ombe katika mbuzi aliyekuwa amechinjwa mwaka 2002.

Kamati ya Southwood haikukosa busara. Taarifa yake ilisema wazi kwamba iwapo makadirio yake yangekuwa na makosa, madhara yangekuwa makubwa mno. Uchunguzi rasmi wa mwaka 2000 ulibainisha kwamba waliokuwa wakiinukuu taarifa hiyo walishika sehemu ya faraja na kuliacha onyo. Kutokuwapo kwa madhara yaliyoonekana kulichukuliwa kuwa uthibitisho wa usalama.

Ngamia na Afrika

Msomaji wa Afrika Mashariki aweza kudhani kwamba habari hizi ni za Ulaya. Mwaka 2018 watafiti wa Algeria na Italia walieleza ugonjwa wa prioni katika ngamia walioletwa machinjioni Ouargla, kusini mwa Algeria. Wanyama hao walikonda, walikuwa wakali, walitetemeka, waliyumba na kuanguka. Mwaka uliofuata ugonjwa huo uliripotiwa Tunisia. Prioni za ngamia hao zilitofautiana na za kichaa cha ng'ombe na za skrepi. Zilikutwa pia katika tezi za limfu, na hiyo ni ishara ya ugonjwa unaoweza kuambukizwa kutoka mnyama hadi mnyama.

Ngamia ni maziwa, nyama na mtaji wa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, Somalia na Ethiopia, na huchungwa pamoja na mbuzi na kondoo. Habari hizi si sababu ya mtu kuacha kunywa maziwa au kula nyama. Hakuna binadamu aliyethibitishwa kuugua kutokana na ngamia. Lakini hoja kwamba watu wamewala ngamia tangu zama bila dhara ni hoja ileile ya mwaka 1989, na haifai kutumiwa tena kama ngao.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, kupika hakusaidii. Joto la jikoni haliharibu prioni. Hata hospitalini, vyombo vilivyogusa ubongo wa mgonjwa huhitaji utaratibu maalumu, kama vile mvuke wa nyuzi 134 za Selsiasi kwa dakika 18 au kulowekwa katika sodiamu haidroksaidi kwa saa moja. Kinga hupatikana kwa kuondoa tishu hatari, hasa ubongo, macho na uti wa mgongo, mnyama mgonjwa asiingie katika chakula cha mtu wala cha mifugo.

Pili, unga wa nyama, mifupa au damu ya wanyama wacheuao usiingie katika chakula cha ng'ombe, mbuzi, kondoo au ngamia. Kiwanda kinachosaga chakula cha kuku na cha ng'ombe kwa mashine moja kinahitaji kutenganisha kazi hizo. Upenyo wa Uingereza haukuwa katika sheria peke yake. Ulikuwa ndani ya mashine. Kwa mfugaji, mashudu na majani ya jamii ya kunde ni vyanzo vya protini visivyo na hatari hii.

Tatu, mnyama anayeyumba, anayebadilika tabia au kutetemeka asichinjwe haraka ili kuokoa nyama. Katika mazingira ya Afrika Mashariki dalili hizo mara nyingi hutokana na kichaa cha mbwa, au maji moyo unaoenezwa na kupe. Kichaa cha mbwa huua ndani ya siku chache baada ya dalili, ilhali ugonjwa wa prioni huendelea kwa wiki au miezi. Vyovyote iwavyo, mate na ubongo visiguswe kwa mikono mitupu, na daktari wa mifugo aitwe. Sampuli ya ubongo ndiyo itakayotoa jibu, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu cha kawaida kwa mifugo.

Nne, ugonjwa usiotafutwa hauonekani. Ng'ombe wa Uingereza walitambuliwa kwa sababu madaktari wa mifugo waliona dalili ngeni, wakapeleka ubongo maabara. Mganga wa binadamu naye, anapomkuta kijana mwenye huzuni isiyoelezeka, maumivu ya miguu, kisha kuyumba na kupoteza kumbukumbu kwa kasi, aandike historia kamili na kuwasiliana na wenzake wa mifugo.

Prioni huvuka kwa urahisi zaidi pale mikono ya watu inapozifungulia njia, na kila zinapovuka zaweza kutoka zikiwa na uwezo zisizokuwa nao mwanzo. Ndiyo maana mahali pa kuzizuia ni katika chakula cha mnyama wa kwanza, kabla ya swali la usalama wa binadamu halijaulizwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini formalini na joto la jikoni haviwezi kutegemewa kuharibu prioni?
2. Eleza kwa nini ugonjwa wa paka wa mwaka 1990 ulidhoofisha hoja iliyotegemea historia ya skrepi.
3. Marufuku ya mwaka 1988 ilikuwa na upenyo gani, nao ungezibwaje katika kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo?
4. Ni hatua zipi za kuchukua unapoona ngamia au ng'ombe anayeyumba na kutetemeka?